Kahawa ya Mbale na wageni wa kujitolea

Mapema asubuhi, mchanga wa ufukweni Lipingo hubadilika rangi. Usipa, samaki wadogo wa ziwani, uliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa unaanikwa juani, na akina mama wanaupitia kwa mikono, wakigeuza huku wakifukuza kuku. Mtu anayeijua pwani hii ya Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, anajua pia kwamba habari ya mgeni wa kujitolea si ngeni hapa. Wazee wa pwani walimpokea mgeni wa namna hiyo kabla Tanganyika haijapata hata jina lake.

Ushahidi wake uko Liuli, katika wilaya hiyohiyo ya Nyasa. Hapo ndipo alipozikwa William Percival Johnson, padri Mwingereza wa misheni ya UMCA, aliyefariki Oktoba 1928. Alifika Afrika Mashariki mwaka 1876 akiwa kijana, akaingia ziwani, na karibu maisha yake yote yaliyobaki akayamaliza kwenye vijiji vya mwambao, macho yake yakizidi kufifia mwaka hadi mwaka. Wamisionari wa UMCA hawakuwa na mshahara. Walipewa chakula, mahali pa kulala na posho ndogo ya nguo. Meli yao, Chauncy Maples, iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwa bahari, mito na mabega ya wapagazi, kisha ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1901. Ilikuwa kanisa, shule na zahanati inayoelea. Kwa kipimo chochote, huo ulikuwa utumishi wa kujitolea.

Wiki chache baada ya kifo cha Johnson, Novemba 1928, mtu mwingine alifariki mbali kaskazini, chini ya Mlima Elgon, karibu na mji wa Mbale nchini Uganda. Huyu hakuwa mgeni kutoka ng'ambo. Aliitwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda. Historia aliyoiacha inafaa kusomwa na kila kijiji kilichowahi kumpokea mgeni aliyesema amekuja kusaidia, maana kwa Kakungulu mambo yalikwenda kinyume: wenyeji walianza wenyewe, na wageni wakaja baadaye, tena wakakuta kazi inaendelea.

Kakungulu aliwasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki akitarajia kufanywa mfalme wa eneo hilo. Hakufanywa. Walimtumia kama mtawala wa kuajiriwa, na mwaka 1913 akaachana nao, akarudi kwenye ardhi yake akiwa na uchungu wa mtu aliyeahidiwa kisha akasahauliwa. Kwanza alijiunga na dhehebu la Wamalaki, watu walioshika Sabato ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Lakini hakuacha kusoma Biblia, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kubaki kwenye vitabu vya Musa. Alipofika kwenye amri ya tohara aliona haina mlango wa kutokea. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa tohara ni ya Wayahudi, alijibu kuwa, kama ni hivyo, basi na wao ni Wayahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na watu wake wakaanza kuitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Hakuna rabi aliyewahubiria, na hakuna shirika lililotuma fedha wala vitabu. Mtu mmoja alikisoma kitabu, akakichukua kwa uzito wake wote.

Mgeni wa kwanza alitokea mwaka 1920. Anakumbukwa kwa jina moja tu, Yosef, Myahudi aliyekuwa katika shughuli zake eneo hilo. Alikaa na Kakungulu kwa takriban miezi sita, akawafundisha kalenda ya sikukuu, sala, na namna ya kuchinja na kula kwa sheria ya Torati. Kisha akaondoka. Ukimtafuta mtangulizi wa vijana wote wa Kiyahudi waliokwenda Mbale kujitolea katika miaka ya karibuni, ni huyu. Alitoa alichokijua, akaacha watu wanaoweza kuendelea bila yeye. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu chake cha Kiganda chenye kanuni na sala za jumuiya, na alipokufa miaka sita baadaye, sinagogi za udongo na nyasi zilibaki na wasomaji wao.

Kwa miaka mingi Mbale haikusikika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwisraeli aliyekuwa anasoma Chuo cha Makerere, Arye Oded, alipata habari zao, akaenda kuwatembelea, akamkuta kiongozi wao Samson Mugombe na watu wanaoshika Sabato bila kumtegemea mtu yeyote wa nje. Oded, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Israel nchini Kenya, aliandika juu yao, na dunia ya Wayahudi ikaanza kujua kwamba wana ndugu chini ya Elgon.

Halafu akaja Idi Amin. Serikali yake iliipiga marufuku dini ya Kiyahudi, sinagogi zikafungwa, na aliyetaka usalama alibadili dini. Jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibaki na mia chache tu, waliosali kwa siri majumbani, sauti chini. Msomaji wa Tanzania anaijua sehemu inayofuata, kwa sababu kila mkoa ulitoa vijana wake kwenda vitani. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyohiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndipo Pasaka ilipoanza, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Huenda hakuna askari wetu aliyekuwa na habari ya kalenda hiyo. Lakini Mbale walikuwa nayo, kwa sababu ya yale aliyoyafundisha Yosef.

Vijana wa jumuiya ndio walioinua tena dini yao katika miaka ya 1980. Walijikusanya wakakaa pamoja, wakajiita kwa neno la Kiebrania, kibbutz, wakafanya kazi pamoja na kuimba zaburi kwa Kiganda na kwa lugha zao nyingine. Miongoni mwao walikuwamo Gershom Sizomu na Joab Jonadab Keki, anayejulikana zaidi kama J.J. Keki. Lengo lao lilikuwa sinagogi la matofali juu ya kilima cha Nabugoye.

Hapo ndipo milango ya nje ilipofunguka kwa kweli. Mwaka 1992 alifika mwanafunzi wa Kimarekani aliyekuwa masomoni Kenya, Matt Meyer, ambaye leo ni gavana wa jimbo la Delaware. Alirudi kwao na habari, picha na nyimbo. Mwaka 1994 lilianzishwa Marekani shirika la Kulanu, neno la Kiebrania lenye maana ya "sisi sote", kwa ajili ya kuunga mkono jumuiya za Kiyahudi zilizo mbali na zilizosahaulika, na muda mfupi baadaye wajumbe wake walikuwa Nabugoye.

Wayahudi wana desturi ya zamani ya jumuiya moja kuibeba nyingine. Shirika lao kubwa la misaada, JDC, lilianzishwa New York mwaka 1914. Katika miaka ya 1990 ukaanza mpango wa kuunganisha miji ya Wayahudi ughaibuni na wilaya za Israel, mji kwa wilaya, ili watu watembeleane na vijana waweze kwenda kujitolea. Wapo wanaouita utumishi huo kwa maneno ya Kiebrania yenye maana ya kuitengeneza dunia. Watu wa parokia za Mbinga, wilaya jirani, zenye urafiki na parokia za Ulaya wataelewa haraka: ni uhusiano wa nyumba kwa nyumba, barua, wageni, na kiasi cha fedha.

Kwa Mbale uhusiano wa namna hiyo ulileta walimu wa Kiebrania, vitabu, vyandarua na misaada ya shule. Shule ya msingi Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu zinapokea watoto wa Kiyahudi, wa Kiislamu na wa Kikristo bila kubagua. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israel waliendesha ibada ya kuwapokea rasmi watu wapatao 400, wengi wao wakisema wazi kwamba hawaingii dini mpya bali wanathibitisha waliyozaliwa nayo. Sizomu alikwenda kusomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu mwaka 2008, akarudi. Mwaka 2010 kikafunguliwa kituo cha afya cha Tobin mjini Mbale. Mwaka 2016 Sizomu alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, na mwaka huohuo likafunguliwa sinagogi jipya kubwa la Stern pale kilimani.

Yote hayo yana thamani. Ila linalostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi na wakulima wa Mbinga ni jambo la kahawa.

Asubuhi ya 11 Septemba 2001, J.J. Keki alikuwa New York, akaona kwa macho yake majengo pacha yakishambuliwa. Alirudi nyumbani na swali la nini kifanyike mahali ambapo Wayahudi, Waislamu na Wakristo wanaishi ukuta kwa ukuta. Jibu lake lilitoka shambani. Miteremko ya Elgon, kama milima ya Umatengo huko Mbinga, hulimwa kahawa ya arabika, na mkulima wa huko, kama wa hapa, alikuwa anauza kwa bei aliyotajiwa na mnunuzi. Keki alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wa dini zote waunde ushirika mmoja. Mwaka 2004 ukazaliwa ushirika wa Mirembe Kawomera, maana yake kwa Kiganda "amani tamu", na uongozi wake ukagawanywa kwa makusudi ili dini zote tatu ziwe mezani.

Mtu wa kujitolea aliingia wapi? Aliingia kwenye simu. Laura Wetzler, mwanamuziki wa Kimarekani aliyekuwa akiratibu miradi ya Kulanu Uganda, alipigia makumi ya kampuni za kahawa nchini kwao akitafuta mnunuzi. Waliokataa walikuwa wengi. Aliyekubali alikuwa Paul Katzeff wa Thanksgiving Coffee, kampuni ya mji mdogo wa Fort Bragg, California. Wetzler hakwenda Mbale kuwafundisha watu kuchuma kahawa waliyoichuma tangu utotoni. Alifanya lile moja ambalo mkulima wa Nabugoye hakuweza kulifanya akiwa shambani: kuutafuta mlango wa mnunuzi na kuugonga mpaka ufunguliwe. Wanachama waliongezeka wakawa mamia, kahawa ikauzwa kwa cheti cha biashara ya haki, na karo za watoto zikalipwa kwa jasho la wazazi wao badala ya hisani.

Mbinga wanajua maana yake. Anayejua magoma, ile desturi ya kumuuzia mlanguzi kahawa ikiwa bado mtini kwa sababu njaa imepiga hodi kabla ya mavuno, hahitaji kuelezwa mnunuzi wa uhakika ni nini.

Upo mfano mwingine, Rwanda. Anne Heyman, mwanasheria wa New York aliyezaliwa Afrika Kusini, alisikia mwaka 2005 habari za yatima walioachwa na mauaji ya kimbari, akakumbuka kwamba Israel iliwahi kuwalea yatima wa vita vya Ulaya katika vijiji vya vijana. Mwaka 2008 kijiji cha Agahozo-Shalom kilifunguliwa Rubona, wilaya ya Rwamagana. Agahozo ni mahali machozi yanapofutwa. Waisraeli wenye asili ya Ethiopia, waliolelewa katika kijiji cha namna hiyo cha Yemin Orde, walikwenda kusaidia mwanzoni, kisha vijana wa kujitolea wakawa wanakwenda kukaa mwaka mzima. Lakini kila nyumba ina mama wa Kinyarwanda, wengi wao wakiwa wamepoteza watoto na waume zao. Mgeni huondoka mwaka ukiisha; mama hubaki.

Hapo ndipo ilipo tofauti na safari za wiki mbili ambazo siku hizi zinauzwa kama bidhaa, kijana wa ughaibuni akilipa fedha nyingi ili apake rangi ukuta ambao fundi wa kijiji angeupaka vizuri zaidi kwa siku moja, akalipwa, akanunua unga. Safari za namna hiyo hazistahili heshima wanayopewa akina Johnson na Wetzler. Kijiji kinachozipokea kina haki ya kuuliza mapema mgeni anakuja kufanya nini ambacho hapa hakifanyiki.

Tanzania nayo ilikuwa na ukurasa wake na Israel. Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa Julai 1963, Waisraeli walisaidia kwa ushauri na mafunzo. Uhusiano ulivunjwa mwaka 1973, ukarejeshwa mwaka 1995. Lakini somo la karibu zaidi kwa watu wa Nyasa na Mbinga haliko Tel Aviv wala New York. Liko Mbale, kwa watu wanaolima zao lilelile, kwenye miteremko inayofanana na yetu.

Basi viongozi wa vyama vya ushirika vya Mbinga na Nyasa, na kamati za parokia na misikiti zenye marafiki ughaibuni, walifikirie hili kabla ya msimu ujao. Badala ya kungoja mgeni aje, watume vijana wawili au watatu wa kwetu wakajitolee miezi mitatu Nabugoye, wachume kahawa na wanachama wa Mirembe Kawomera, waketi kwenye mikutano yao, waone vitabu vyao vya hesabu. Na wale marafiki wa Ulaya na Marekani wanaouliza kila mwaka watusaidie nini, wapewe kazi aliyoifanya Wetzler: wakamtafute mnunuzi.