Ulanzi, togwa na komoni: vinywaji vya Nyanda za Juu Kusini na saa zake

Mtu wa Mbeya akisema "togwa" na mtu wa Kilolo akisema "mtogwa", hawazungumzii kitu kimoja. Wa kwanza anataja kinywaji cha nafaka ambacho hata mtoto hupewa. Wa pili anataja ulanzi mbichi, yaani maji matamu yanayotoka kwenye chipukizi la mwanzi. Vyote viwili ni vitamu, vyote vikiachwa hugeuka, na hapo ndipo linapoanzia swali ambalo wasikilizaji wetu, hasa akina mama wenye watoto wadogo, hutuuliza kila msimu wa mvua: kinywaji cha nyumbani kinakuwa pombe saa ngapi?

Tunaposema Nyanda za Juu Kusini hapa, tunamaanisha Iringa na Mbeya kama zilivyokuwa zamani, pamoja na Njombe iliyotengwa na Iringa mwaka 2012, na Songwe iliyomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mipaka ya mikoa imebadilika, lakini watu bado wanakunywa kama walivyokuwa wakinywa.

Ulanzi

Ulanzi haupikwi, unagemwa. Si kila mwanzi unautoa. Mianzi ya ulanzi hupandwa na wenyewe, mara nyingi kandokando ya mashamba na nyumba, kwa kuhamisha kipande cha shina chenye mizizi. Kichaka cha mianzi ni mali kama shamba: hurithiwa, na mtu hawezi kwenda kugema kwa jirani bila ruhusa. Kilolo, Mufindi, Iringa Vijijini, Njombe na Ludewa ndiko inakoonekana kwa wingi.

Mvua zikishika, kuanzia Desemba au Januari, machipukizi hutoka ardhini na kukua haraka sana. Mgema huchagua chipukizi changa, hukata ncha yake, kisha hufungia hapo chombo cha kukingia kinachoitwa mbeta, ambacho chenyewe ni kipande cha mwanzi. Asubuhi na jioni hurudi, humimina kilichopatikana na kuchonga tena pale juu kipande chembamba, kwa sababu kidonda kikikauka maji hayatoki. Kazi hiyo huendelea kwa wiki kadhaa, na kwa wengi msimu huisha Aprili au Mei.

Chipukizi likishagemwa halikui tena kuwa mti wa kujengea, hufa. Kwa hiyo mwenye mianzi hupiga hesabu kila mwaka: machipukizi mangapi ayagema, na mangapi ayaache yawe nguzo, fito na vikapu. Anayegema yote mwaka huu atakuja kuona kichaka chake kimedhoofika.

Kwa nini watu wanaing'ang'ania kazi hii? Angalia miezi yake. Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo ghala linakaribia kwisha, mahindi mapya bado yako shambani, na ada na sare za shule zinadaiwa. Ulanzi hautumii hata debe moja la nafaka. Ndiyo maana utakuta madumu yamepangwa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, mengine yakisubiri magari ya kuyapeleka mjini. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo fedha ya kwanza ya mwaka.

Sasa tuje kwenye saa. Ulanzi hauwekewi hamira. Chachu yake iko hewani, kwenye mwanzi wenyewe na ndani ya mbeta iliyotumika jana. Maana yake ni kwamba maji hayo huanza kuchacha yakiwa bado yanadondoka. Mbeta inayoteremshwa asubuhi imekinga usiku kucha. Tone la kwanza lina umri wa karibu saa 12. Kinywani bado ni tamu, watu wanauita mtogwa, na hapo ndipo kosa linapofanyika: mtoto anapewa kikombe kwa sababu "bado haujawa pombe". Kwa kweli kilevi kimeshaanza kuingia, ila utamu unakificha. Ukiachwa mpaka kesho yake, utamu hupungua, ukali hupanda, na wenyeji huuita mdindifu. Huo nguvu yake hukaribia bia ya chupa, na mnywaji anayeuchukulia kama maji ya matunda hujikuta hawezi kuinuka kwenye benchi.

Ishara moja ambayo haidanganyi ni povu na gesi. Muuzaji mzoefu hafungi kizibo cha dumu kikaza, kwa sababu anajua litavimba na linaweza kupasuka. Basi ukiona dumu limeachwa wazi kidogo na linatoa sauti ya kuchemka, hiyo ni pombe, hata kama ulimi wako unasema ni sukari.

Usafi nao ni jambo la kutazamwa. Ulanzi haupiti motoni kabisa. Maji machafu yaliyotumika kuuongeza, nzi walioanguka kwenye mbeta, dumu lililokuwa na dawa ya shambani: hakuna hatua ya kupika itakayorekebisha hayo. Dumu la dawa halisafishiki kwa kuoshwa, lisitumike kabisa. Mbeta na madumu mengine yasuuzwe kwa maji yaliyochemka, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kama ulanzi umeongezwa maji na yametoka wapi.

Togwa

Togwa ya nafaka ni jambo lingine, na kwa maoni yetu ndicho kinywaji kinachodharauliwa kuliko thamani yake. Unapikwa uji wa mahindi, mtama au ulezi mpaka uive vizuri. Unaachwa upoe mpaka mkono unaweza kuuvumilia, ndipo unatiwa kimea cha ulezi, yaani ulezi uliolowekwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Dakika chache baadaye uji mzito unakuwa mwepesi, kwa sababu kimea kinavunja wanga kuwa sukari. Wengi huongeza kikombe cha togwa ya jana kama mbegu, wanafunika na kuacha usiku mmoja. Ukitia kimea kwenye uji unaochemka, unakiua na togwa haitakuwa; kosa hili ndilo huwakatisha tamaa wanaojaribu kwa mara ya kwanza.

Uchachu wa togwa unatokana na bakteria wanaotengeneza asidi, jamaa ya wale wanaogandisha maziwa. Asidi hiyo huwazuia vijidudu vingi vya kuharisha kustawi. Miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wa Sweden walionyesha kuwa watoto wadogo waliolishwa uji uliochachuliwa namna hii waliharisha mara chache kuliko wenzao. Tena, kwa kuwa kimea kinaulegeza uji, mama anaweza kuweka unga mwingi zaidi na mtoto bado akameza, hivyo akapata chakula zaidi kwenye kikombe kile kile.

Kuna masharti. Mtoto chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake, togwa isubiri. Kimea kinaingia baada ya kupika, kwa hiyo kikiwa kichafu kinaingia na uchafu wake: ulezi uoshwe kwa maji salama na ukaushwe juu ya mkeka au turubai, si chini kwenye vumbi. Tumieni ulezi kuliko mtama kwa kimea cha watoto, kwani chipukizi la mtama lina asili ya sumu ya sianidi, inayopungua tu kwa kuandaliwa vizuri. Na togwa ya mtoto ni ya siku moja. Ikifika siku ya pili au ya tatu na kuanza kutoa povu, chachu imepata nafasi, na hiyo si ya mtoto tena.

Majirani zetu wa Zambia wana kinywaji cha aina hii cha mahindi kiitwacho maheu, na viwanda vyao vinakiuza kwenye chupa za plastiki. Watu wa Tunduma wanakijua vizuri. Togwa yetu bado iko kwenye ndoo yenye kifuniko sokoni. Hatuoni sababu ya msingi ya hali hiyo zaidi ya kwamba hakuna aliyewekeza.

Komoni, kangara na kimpumu

Msimu wa ulanzi ukipita na mahindi yakivunwa, vilabu vya pombe hurudi kwenye nafaka. Komoni ni pombe nzito ya mahindi na kimea cha ulezi, inayonywewa Iringa na Mbeya kwa kopo la plastiki, masimbi yakiwa ndani yake. Kangara ni ndugu yake, ila huongezwa sukari au asali. Upande wa Rungwe, Ileje na Mbozi kuna kimpumu ya ulezi, ambayo huongezwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija, watu wakizunguka chombo kimoja na kuongeza maji mpaka ladha iishe. Pombe hizi hazikuwa za kilabuni tu: zilinywewa kwenye mazishi, kwenye mahari, kwenye tambiko, na kwa kuwashukuru majirani walioitwa kuja kulima.

Wapikaji wengi ni wanawake, na pipa moja la komoni limesomesha watoto wengi kuliko inavyosemwa. Lakini kuna jambo moja ambalo wapikaji na wanywaji wanapaswa kulijua. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mwenye nyumba hayataki kwa ugali, mara nyingi huuzwa rahisi kwa ajili ya pombe. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, wala kuchacha hakuimalizi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini. Mahindi yasiyofaa kwa ugali hayafai kwa komoni.

Gongo

Gongo ni pombe inayokanekwa, na kuitengeneza bila kibali ni kosa kwa sheria ya mwaka 1966. Hatari kubwa huja pale inapochanganywa na methanoli, spiriti ya viwandani ambayo haionekani kwa macho wala haitofautiki kwa ladha. Mwaka 2014 nchini Kenya watu wengi walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe ya namna hiyo. Dalili huweza kuchelewa nusu siku au zaidi: kichwa kuuma sana, kutapika, macho kuona ukungu. Mtu wa hivyo asilazwe "apumzike", apelekwe hospitali mara moja.

Kwa mjamzito, iwe mtogwa, komoni au bia ya kiwandani, hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Chai na maziwa

Kinywaji cha kila siku hata hivyo si chochote kati ya hivyo, ni chai. Mufindi na Rungwe ni miongoni mwa maeneo makuu ya zao hilo nchini, na kahawa ya Mbozi inajulikana mbali. Majani bora kwa miaka mingi yamekwenda mnadani Mombasa, na mkulima wa Tukuyu amebaki na chai ya pakiti kutoka dukani, mara nyingi ya rangi, yenye tangawizi au mchaichai.

Maziwa yanapatikana kwa wingi, ya kiwandani na ya mfugaji. Mtindi wa nyumbani una faida ile ile ya uchachu kama togwa, ila maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao kwa binadamu huleta homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo, mara nyingi ikidhaniwa kuwa malaria. Usitegemee uchachu peke yake kuumaliza. Chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo utie mbegu ya mtindi.