Safari ya Mnyororo wa Baiskeli

Ukisimama alfajiri kando ya barabara ya Jogoo, karibu na Makadara, utawaona watu wakielekea kazini upande wa Viwandani, wengi kwa miguu na wengine kwa baiskeli. Jambo hili si geni. Hapo barabara hiyo ilipokuwa ikiitwa Doonholm, kabla Kenya haijapata uhuru mwaka 1963, wafanyakazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi walipanda baiskeli nzito nyeusi za Kiingereza, kama Raleigh za mji wa Nottingham. Baadaye zikaja za Kihindi, kama Hero. Watu wakazipa jina la Black Mamba, kwa kumfananisha nazo yule nyoka mkali.

Baiskeli hizo zilikuwa na gurudumu moja la meno penye pedeli, na jingine dogo nyuma. Leo kuna baiskeli za milimani zenye gia hata 12 nyuma, lakini mbele zina gurudumu moja tu la meno, kama zile za babu zetu. Ukitazama kwa haraka waweza kudhani kwamba ufundi umezunguka ukarudi palepale. Sivyo. Tofauti imo katika mstari wa mnyororo, na asiyeijua huenda siku moja mnyororo ukamtoka katikati ya barabara, basi likimfuata nyuma.

Yafaa basi tuanze na mnyororo wenyewe. Mwaka 1880 Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, alibuni mnyororo ambao kila pini yake imevikwa kijibomba, na juu ya kijibomba kipo kigurudumu kidogo kinachozunguka. Kwa hiyo mnyororo haukusagika upesi kwenye meno. Miaka mitano baadaye, mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili karibu ya ukubwa mmoja na mnyororo wa kuzungusha lile la nyuma. Kabla ya hapo watu walipanda baiskeli ndefu zenye pedeli kwenye gurudumu la mbele, na aliyeanguka alianguka kutoka juu sana.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote: mnyororo hujikunja vizuri kwenda juu na chini, wala haukuumbwa kupinda kwenda kando. Fundi wa Black Mamba alilijua hilo bila kitabu. Alipokaza nati za gurudumu la nyuma aliinama, akafumba jicho moja, akatazama kwa nyuma kama gurudumu limesimama katikati ya fremu. Likienda upande, mnyororo ulikwenda mshazari, ukalia, ukala meno.

Gia nyingi ndizo zilizovuruga unyofu huo. Huko Ufaransa Paul de Vivie, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alizitetea sana mwanzoni mwa karne ya 20, lakini mashindano makubwa ya Tour de France hayakuruhusu mkono wa kuhamisha mnyororo mpaka mwaka 1937. Kisha, katika miaka ya 1970, vijana wa Marin huko California walichukua baiskeli kuukuu na nzito, zisizo mbali sana na Black Mamba, wakazishusha milimani kwa kasi. Mwaka 1976 wakaanza mashindano ya Repack. Ili waweze pia kupanda, wakazitia gia. Baiskeli ya milimani ikaishia kuwa na magurudumu matatu ya meno mbele. Ilikuwa mizigo mingi, kwa maoni yangu, ingawa palikuwa na faida moja: mnyororo ukipinda mno, mpandaji aliuhamishia gurudumu jingine la mbele.

Mwaka 2012 kampuni ya SRAM ilitoa mtambo wa XX1, wenye gurudumu moja mbele na gia 11 nyuma. Meno ya mbele yalifanywa membamba na mapana kwa zamu, kwa sababu nafasi za mnyororo nazo ni nyembamba na pana kwa zamu. Ndiyo maana idadi ya meno hayo haina budi kugawanyika kwa mbili. Mnyororo ukashikwa barabara. Lakini gurudumu la mbele halisogei tena, hali mnyororo nyuma hutembea kutoka gia ya ndani hadi ya nje. Hauwezi kunyoka kwa gia zote. Basi gurudumu la mbele lielekee katikati ya gia za nyuma, ili upindaji ugawanyike sawasawa.

Tuseme umenunua baiskeli ya mtumba yenye magurudumu matatu mbele, ukaliacha lile la kati peke yake. Pima unene wa bomba la kiti, uugawe kwa mbili, uongeze umbali kutoka ukingo wa bomba hadi katikati ya meno. Bomba likiwa milimita 32 na umbali milimita 32, jawabu ni 48. Nyuma, nafasi kati ya miguu ya fremu ikiwa milimita 135, nusu yake ni 67.5, toa umbali kutoka mguu wa kulia hadi gia ya katikati, tuseme 22, upate 45.5. Gurudumu la mbele limezidi nje kwa milimita 2.5. Washa nyembamba katika boliti zake, kati ya mkono wa pedeli na gurudumu, zitalisogeza ndani. Au ekseli fupi zaidi ya pedeli. Ila boliti zisikose uzi wa kutosha, wala meno yasiguse fremu.

Anayepanda Ngong kila wiki huenda akalisogeza ndani kidogo zaidi, kwa kuwa gia kubwa ndizo atakazotumia mno. Wa Makadara, kwenye tambarare, hana haja. Ukimaliza, inua gurudumu la nyuma, weka mnyororo kwenye gia kubwa kuliko zote, kisha zungusha pedeli kinyumenyume. Mnyororo ukidondoka kwenye gia ndogo, gurudumu la mbele bado liko nje mno: fungua boliti tena.