Mungu Havai Kinyago: Uwezo na Ushujaa Katika Katuni za Marekani

Imezoeleka kusemwa kwamba shujaa mvaa kinyago wa katuni za Marekani aliuawa na ukatili uliozijaza hadithi hizo miaka ya 1980. Makala haya yanapinga. Kilichomuua ni uwezo wake mwenyewe.

Tuanzie mwanzo. Superman alipotokea mwaka 1938 hakuwa akipaa; alichupa tu, na kombora likimlipukia lingeweza kumtoboa ngozi. Baadaye akaongezewa uwezo hadi akakosa adui wa kumtisha. Sasa hadithi itakwenda vipi? Ndipo yakaletwa madini ya kryptonite, redioni mwaka 1943 na vitabuni mwaka 1949. Yaani waandishi walikwisha ng'amua kwamba pasipo hatari hapana ushujaa.

Waingereza wawili, mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons, waliikataa dawa hiyo katika Watchmen (1986–87). Humo mashujaa ni watu wa kawaida, wenye vitambi na woga. Mmoja tu, Dakta Manhattan, ana uwezo wa kimungu. Anaishindia Marekani vita vya Vietnam, lakini huko huko anasimama kando mwenzake akimpiga risasi mwanamke mjamzito. Bunduki ile angeweza kuigeuza mvuke, hakufanya kitu.

Hebu tulitazame na vazi lake. Anaanza na nguo ya mwili mzima, kisha inapungua miaka ikienda, mpaka anabaki uchi. Hili si la kuchekesha. Vazi ni ahadi ya shujaa kwa jamii, na asiyeihitaji jamii hana wa kumvalia. Wenzake nao wanapitwa na wakati. Hollis Mason, shujaa mstaafu mwenye gereji, anaambiwa na Manhattan kwamba magari yatakuwa ya umeme. Ufundi wake umekwisha, kama ulivyokwisha ushujaa wake.

Atakayebisha atasema: je, mungu mwema? Moore huyo huyo alikwisha kumjaribu. Katika toleo la 16 la Miracleman (1989), mtawala wa kimungu anafuta fedha na silaha za nyuklia. Dunia inashiba, ila wanadamu hawana tena la kuamua. Mkewe wa zamani, Liz, anapoahidiwa mwili wa kimungu anaukataa. Kwa maoni yangu, tendo la kishujaa katika toleo lile ni hilo, na limetendwa na mtu anayeweza kufa.