Oboe: sauti moja, miji mitatu, ugomvi usiokwisha

Okestra haianzi kazi kabla oboe haijatoa noti ya La. Ukumbi hunyamaza, oboe hupuliza sauti moja ndefu, na fidla, tarumbeta na wenzao wote hujirekebisha kwayo. Ungedhani basi ala inayoaminiwa hivyo ina sauti inayokubalika kote. Wapi! Kwa zaidi ya miaka mia, mabingwa wake wamebishana juu ya sauti ipi ndiyo hasa, na kila upande ukisikia wenzake wanalia kama bata. (Prokofiev naye hakusaidia: mwaka 1936, katika hadithi yake ya Petro na mbwa mwitu, bata alimpa oboe.)

Watu wa pwani wanamjua ndugu yake, nzumari. Zote mbili hulia kwa ndimi mbili nyembamba zinazogongana. Ila mpiga nzumari huzimeza ndimi zote kinywani, akajaza mashavu, na sauti hutoka kali ya kutosha uwanja mzima. Katika karne ya 17, mafundi wa muziki wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa walitengeneza ala ambayo ndimi zake hubanwa kwa midomo. Tangu hapo mpigaji akaweza kunong'ona, na hapo ndipo swali la sauti nzuri lilipozaliwa.

Paris ililijibu kupitia Georges Gillet, mwalimu wa chuo cha muziki cha Conservatoire: sauti nyepesi, safi, yenye kung'aa. Mwaka 1905 mwanafunzi wake Marcel Tabuteau, asiyetimiza hata miaka ishirini, alivuka bahari kwenda New York. Kuanzia 1915 hadi 1954 alikalia kiti cha kwanza cha oboe katika okestra ya Philadelphia, na huko akaigeuza sauti ya mwalimu wake.

Siri ilikuwa kisu. Mpiga oboe hujitengenezea ndimi mwenyewe: matete makavu, mengi yakitoka kusini mwa Ufaransa, hupasuliwa, hukunjwa, hufungwa kwa uzi juu ya kimrija, kisha hukwanguliwa mpaka ncha ipitishe mwanga. Wa Ulaya hukwangua sehemu fupi ya mbele tu. Tabuteau alishuka na kisu karibu hadi kwenye uzi, akaacha uti katikati. Ikatoka sauti nene, tulivu, isiyo na mkwaruzo. Wasioipenda husema imefungiwa kabatini. Ila iliendana barabara na okestra hiyo ya Philadelphia chini ya kondakta Stokowski, iliyosifika kwa unene wa fidla zake.

Tabuteau alifundisha pia katika Taasisi ya Muziki ya Curtis, na wanafunzi wakaeneza kisu chake: Harold Gomberg New York, nduguye Ralph Boston, John Mack Cleveland. Sauti ya mtu mmoja ikawa ya nchi nzima. Kwa maoni yangu, zawadi yake kubwa zaidi haikuwa hiyo sauti bali namba alizozipa noti, mwanafunzi ajue kila moja ikue au ififie kiasi gani. Sauti tamu isiyokwenda popote huchosha upesi.

Uingereza ilishika njia nyingine. Léon Goossens, mzaliwa wa Liverpool, aliitia sauti mtetemo kama wa mwimbaji, wakati wengi walipiga kwa sauti iliyonyooka. Ralph Vaughan Williams alimwandikia konseto. Ajali ya gari ya 1962 ilimwumiza midomo na meno. Akajifunza kupiga upya, akarudi jukwaani.

Na mti wenyewe? Oboe nyingi leo huchongwa kwa mpingo, ambao kwa sehemu kubwa hutoka Tanzania na Msumbiji. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu. Mpingo ni mzito na haunywi maji ovyo, ndiyo maana mafundi wanaupenda. Hata hivyo ukimpa mpigaji wa Philadelphia oboe ya mwenzake wa Paris, akatia ndimi zake mwenyewe, utasikia Philadelphia.

Ila si Vienna. Huko ala yenyewe ni nyingine, ya ukoo uliotoka Dresden karne ya 19: tundu lake la ndani ni tofauti, vibonyezo vinafuata mpango wa zamani, na mtetemo ni haba. Wafaransa walipobadilisha oboe yao, Vienna haikufuata. Hata leo, anayetaka kiti cha oboe katika Vienna Philharmonic, hata awe bingwa wa Curtis, ni lazima aiache ala aliyoizoea na kujifunza yao.