Kwa Nini Skrini Hurudi 640 kwa 480

Umeweka Windows upya kwenye kompyuta ya nyumbani. Inawaka vizuri, lakini ikoni ni kubwa kama sahani na nusu ya dirisha iko nje ya skrini. Wengi huamua kwamba monita imekufa na kwenda kununua nyingine. Mara nyingi monita ni nzima. Kisa chenyewe kilianza zamani, tukiangalie.

Kompyuta ya IBM PC ilitoka mwaka 1981. Kadi yake ya CGA ilionyesha pikseli 320 kwa 200 kwa rangi 4. Mwaka 1984 ikaja EGA, 640 kwa 350 kwa rangi 16. Kisha mwaka 1987 IBM ikatoa kompyuta za PS/2 zikiwa na VGA: 640 kwa 480, rangi 16. Piga hesabu: hizo ni pikseli 307,200, na kila moja inahitaji biti 4, yaani baiti 153,600 kwa jumla. VGA ilikuwa na kumbukumbu ya KB 256, kwa hivyo zilitosha na kubaki.

Makampuni mengine yaliiga VGA, kisha kila moja likataka kuipita kwa njia yake. Programu iliyoonyesha 800 kwa 600 kwenye kadi moja ilishindwa kwenye nyingine. Shirika la VESA likaingilia kati mwaka 1989 na kuweka kiwango cha pamoja cha 800 kwa 600. Hata hivyo, lugha ambayo karibu kila kadi iliijua ilibaki ile ya 1987. Ndiyo maana Windows 95 na 98 zikikosa draiva ya kadi zilirudi 640 kwa 480, rangi 16. Zilikuwa zikiongea lugha pekee zilizokuwa na uhakika nayo.

Tatizo la pili lilikuwa monita yenyewe: kompyuta haikujua imeunganishwa na nini. Monita za kioo kizito zilichora picha mstari kwa mstari, na kila moja ilikuwa na kasi yake. Ukiilazimisha kupita hapo, baadhi ziliweza kuungua. Watumiaji wa Linux waliandika kasi hizo kwa mkono kwenye faili ya XFree86, huku wakiomba Mungu.

Mwaka 1994 VESA ikaleta EDID. Monita sasa hujitambulisha kwa baiti 128 tu: nani aliitengeneza, na picha za ukubwa gani inaweza kuonyesha. Kwenye kebo ya VGA, habari hizo hupitia pini ya 12 na ya 15. Rangi zina nyaya zake. Kwa hivyo pini hizo zikivunjika, au kebo ya bei rahisi ikikosa nyaya hizo, picha itaonekana bado, lakini monita itakuwa bubu. Kompyuta isipoambiwa kitu, huchagua kidogo ili isiharibu.

Sasa mambo ya kufanya, kwa mpangilio huu:

1. Chomoa kebo, angalia pini. Jaribu kebo nyingine kabla ya kununua chochote.
2. Weka draiva ya kadi ya grafiki, ile ya kadi uliyonayo hasa.
3. Chagua rezolusheni mwenyewe. Skrini ikizimika, usiguse kitu: Windows husubiri sekunde 15 kisha hurudisha ya awali.
4. Kwenye Linux, wengi bado hutumia amri ya xrandr kuona orodha. Ikiwa orodha ni fupi mno na skrini ni kubwa, shuku kebo.

HDMI na DisplayPort bado hubeba EDID, hivyo ugonjwa huu haujaisha. Kebo ni ya shilingi mia kadhaa. Monita ni ya maelfu. Anza na kebo.