Fahamu: Dk. Fenella Mukangara, waziri wa vijana na michezo aliyeomba kura Kibamba

Kila baraza la mawaziri linapotangazwa, wasikilizaji wetu hurudi na swali lilelile: waziri wa vijana na michezo kazi yake hasa ni nini, na amefikaje pale ikiwa sisi hatujawahi kumwona kwenye karatasi ya kura? Badala ya kujibu kwa maneno ya jumla, tumeona tumfuate waziri mmoja tangu alipoteuliwa hadi siku aliposimama mbele ya wapiga kura. Tumemchagua Dk. Fenella Mukangara. Aliongoza wizara iliyobeba habari, vijana, utamaduni na michezo kwa pamoja, kisha akaenda kutafuta ubunge pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye barabara ya Morogoro.

Kabla ya siasa Dk. Mukangara alikuwa msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1997 yeye na Bertha Koda walitoa kitabu kuhusu hali ya wanawake Tanzania, ambacho watafiti wa masuala ya jinsia wamekitumia kwa miaka mingi. Hakutokea uwanjani wala kwenye chama cha soka. Wapo waliomsema kwa hilo, ingawa mawaziri wetu wengi wa michezo hawakuwahi kuvaa njumu na hilo halikuwazuia.

Aliingia bungeni baada ya uchaguzi wa 2010 kwa tiketi ya viti maalumu vya CCM. Hapa tusimame kidogo, maana ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Katiba inataka wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30 ya wabunge. Viti hivyo hugawiwa kwa vyama kulingana na kura za ubunge ambazo kila chama kimepata, na majina hutoka ndani ya vyama vyenyewe. Bunge la 2010 lilikuwa na viti hivyo 102. Mbunge wa aina hii ana haki ya kuuliza maswali, kuchangia hoja na kupiga kura bungeni kama wenzake, na anaweza kuteuliwa waziri, kwa sababu Ibara ya 55 inasema mawaziri wateuliwe miongoni mwa wabunge, bila kujali ni wa jimbo au la. Uwaziri mkuu peke yake ndio unaohitaji mbunge wa jimbo. Kwa hiyo mtu anaweza kuongoza wizara nzima bila mwananchi hata mmoja kuweka alama ya vema mbele ya jina lake. Hajavunja sheria yoyote.

Novemba 2010 Rais Jakaya Kikwete alimteua naibu waziri wa Habari, Vijana, Utamaduni na Michezo, chini ya Dk. Emmanuel Nchimbi. Mei 2012 Rais alipangua baraza lake kutokana na moto uliowashwa bungeni na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Nchimbi akapelekwa Mambo ya Ndani, na naibu wake akapanda kuwa waziri kamili. Chini yake alifanya kazi Amos Makalla, na kuanzia 2014 Juma Nkamia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ukisikia "michezo" unafikiria mipira na jezi, lakini nguvu kubwa ya waziri iko kwenye makaratasi. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967 inataka kila chama na klabu ya michezo isajiliwe, na katiba yake ipite kwa msajili. Timu ya mtaani kwako ikitaka kutambulika, inapita hapohapo. Na TFF nayo inapita hapohapo.

Mwanzoni mwa 2013 jambo hilo lilikaribia kutugharimu. TFF ilikuwa imebadilisha katiba yake mwishoni mwa 2012 kwa njia ya waraka, yaani wajumbe wakatoa maoni yao kwa maandishi bila kukutana, na uchaguzi wa viongozi ulikuwa unakaribia. Baadhi ya wagombea waliokatwa walilalamika. Waziri Mukangara akaikataa katiba hiyo mpya na kuagiza ile ya 2006 itumike. FIFA hairuhusu serikali kuingilia vyama vya soka, na onyo la kufungiwa likaja.

Fikiria ni wakati gani. Taifa Stars walikuwa kwenye mbio za kufuzu Kombe la Dunia la 2014, na tarehe 24 Machi 2013 waliifunga Morocco mabao 3-1 pale Uwanja wa Taifa, Temeke, uwanja ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa. Mbwana Samatta alifunga mawili na Thomas Ulimwengu moja. Jiji zima lilikuwa linapiga hesabu za Brazil. Kama FIFA ingefunga mlango wiki hizo, furaha ile ya Temeke ingekufa mezani.

Haikufika huko. Serikali na FIFA walizungumza, wajumbe wa shirikisho hilo wakaja nchini, katiba ikapelekwa kwenye mkutano wa wajumbe wenyewe, na Oktoba 2013 uchaguzi ukafanyika. Jamal Malinzi akachukua nafasi ya Leodegar Tenga. Tukiulizwa sisi, waziri alikuwa na hoja ya msingi: katiba ya chama kinachogusa mamilioni ya watu isibadilishwe kwa barua. Lakini njia aliyoitumia iliiweka timu ya taifa rehani, na mashabiki hawakuwa wameulizwa.

Upande wa habari ndio uliomwachia lawama zaidi. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri mamlaka ya kufungia gazeti bila kwenda mahakamani kwanza. Julai 2012, miezi michache tu baada ya yeye kushika wizara, gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa kwa muda usiojulikana. Lilikuwa likiandika kuhusu kutekwa na kuteswa kwa Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari. Septemba 2013 ikawa zamu ya Mwananchi, siku 14, na Mtanzania, siku 90. Serikali ilisema magazeti hayo yalikuwa yakichochea. Sisi ni watu wa habari, kwa hiyo msikilizaji utupime kwa hilo unaposoma: tunaona adhabu ya kumfungia mtu mdomo bila ukomo ilikuwa kubwa kuliko kosa lililodaiwa. Mahakama Kuu iliiondoa amri ya MwanaHalisi mwaka 2015, zaidi ya miaka mitatu baadaye. Jina la mmiliki wa gazeti hilo, Saed Kubenea, liweke akilini. Tutakutana nalo tena.

Vijana je? Kwa Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 2007, kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Idadi yao ni kubwa mno, na fedha ya wizara kwa ajili yao haikuwahi kulingana na idadi hiyo. Kulikuwa na Mfuko wa Maendeleo ya Vijana, kulikuwa na mbio za Mwenge, na kulikuwa na agizo kwamba kila halmashauri itenge asilimia 5 ya mapato yake ya ndani kwa vijana na asilimia 5 kwa wanawake. Halmashauri nyingi zilichelewesha au hazikutoa kabisa, na waziri wa vijana hakuwa na fimbo ya kuzichapa kwa sababu halmashauri ziko chini ya wizara nyingine. Kijana wa Mbagala au Kwembe aliyeambiwa "nenda kwa waziri wako" alikuwa ameelekezwa mlango usio na ufunguo.

Jambo moja lililokuwa mikononi mwa wizara ni Baraza la Vijana la Taifa, chombo cha kuwakutanisha vijana bila kujali vyama vyao. Liliahidiwa miaka na miaka. Mbunge wa Ubungo kwa tiketi ya Chadema, John Mnyika, aliyeingia bungeni 2010 akiwa bado hajatimiza miaka 30, alichoka kusubiri akaandaa muswada wake binafsi wa kuliunda. Serikali ikaja na wa kwake, na mwaka 2015, wizara ikiwa bado mikononi mwa Dk. Mukangara, Bunge likapitisha Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania. Hiyo ni kazi yake na anastahili kuhesabiwa. Lakini sheria ilipita, na miaka ikapita nayo bila baraza lenyewe kuanza kazi.

Mwaka huohuo Dk. Mukangara aliamua kutafuta jimbo. Wilaya ya Kinondoni wakati ule ilikuwa bado kubwa, ikifika hadi mpaka wa Pwani, na jimbo jipya la Kibamba lilikuwa limekatwa kutoka Ubungo: kata za Kibamba, Kwembe, Mbezi, Msigani, Saranga na Goba. Aliyepita huko miaka ile anakumbuka madumu ya njano yaliyopangwa barabarani na maboza yanayouza maji kwa bei ya kuumiza, wakati bomba kubwa la kutoka Ruvu linapita jirani tu. Watu wa Mbezi hawakuwa wanauliza habari za katiba ya TFF. Walikuwa wanauliza maji yatatoka lini.

Na aliyekuja kushindana naye alikuwa John Mnyika, yuleyule wa muswada wa vijana, aliyehama na sehemu ya jimbo lake la zamani. Mnyika alikuwa ameshindwa Ubungo 2005, akashinda 2010, na Februari 2013 alipeleka bungeni hoja binafsi kuhusu maji ya Dar es Salaam. Iliondolewa kabla ya kufika mwisho, lakini mtaani ilibaki kuwa hoja yake. Waziri alikuwa na cheo na gari lenye bendera. Mpinzani wake alikuwa na miaka 10 ya kujulikana kwenye mabaraza ya kahawa na vijiwe vya barabara ile. Kura za Oktoba 25, 2015 zilipohesabiwa, Mnyika alishinda.

Jimbo la jirani, Ubungo, alishinda Saed Kubenea, mwenye MwanaHalisi. Yaani pande mbili za kipande kimoja cha barabara ya Morogoro zikampeleka bungeni mwandishi aliyefungiwa gazeti na mbunge aliyedai baraza la vijana, na aliyekuwa waziri wa mambo yote mawili akabaki nje.

Tusimwonee lakini. Mwaka ule upepo wa Ukawa uliwapeperusha wengi wa CCM Dar es Salaam. Kati ya majimbo 10 ya mkoa, upinzani ulichukua 6, pamoja na Kinondoni, alikoshinda Maulid Mtulia wa CUF, na Temeke, alikoshinda Abdallah Mtolea wa chama hichohicho. Wabunge waliozoeleka zaidi yake nao waliangushwa. Hatuwezi kusema kwamba gazeti au TFF ndivyo vilivyomnyima kura. Tunachoweza kusema ni kwamba miaka mitano ya kuwa naibu na waziri haikumpa mtaa wowote wa kusema "huyu ni wetu".

Baada ya uchaguzi Rais John Magufuli aliigawa wizara ile. Habari, utamaduni, wasanii na michezo vilikwenda kwa Nape Nnauye, na vijana wakahamishiwa Ofisi ya Waziri Mkuu chini ya Jenista Mhagama. Mwaka 2016 Kinondoni nayo ikagawanywa, Kibamba ikawa ndani ya wilaya mpya ya Ubungo. Asilimia 10 ya halmashauri iliwekwa ndani ya sheria mwaka 2018: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chako kikitaka kuiulizia, anza na afisa maendeleo ya jamii wa kata yako na cheti cha usajili wa kikundi mkononi.