Neno "Skwota" katika Historia ya Kitale na Bungoma

Aghalabu neno la mkopo hudhaniwa kuingia katika lugha pamoja na maana yake. Historia ya neno "skwota" katika eneo la Kitale na Bungoma yadhihirisha vinginevyo. Kimofolojia neno hili halina utata: limetoholewa kutoka Kiingereza, nao wingi wake ni maskwota, kama daktari na madaktari. Utata umo katika maana.

Asili yake ya mbali ni kitenzi cha Kifaransa cha kale kilichomaanisha kuponda. Katika Kiingereza kikaja kumaanisha kuchutama. Na kufikia mwisho wa karne ya 18, huko Marekani, aliyeitwa kwa jina hili ni mtu aliyekalia ardhi bila hati. Nchini Australia, katika miaka ya 1840, lilikuwa jina la wafugaji wenye mali.

Nchini Kenya mambo yalikuwa mengine. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka katika shamba la mlowezi, naye apate mahali pa kulima na kulishia mifugo. Kwa hiyo skwota wa Trans Nzoia, wakiwemo Wabukusu wengi, alikuwa mtu wa mkataba. Sheria ya 1937 ilimwita kibarua mkaazi, ikayapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kumwongezea siku za kazi na kumpunguzia mifugo. Hata hivyo, jina la awali halikufutika. Baada ya uhuru wa 1963 mkataba ulitoweka, jina likabaki: skwota sasa ni asiye na hatimiliki, awezaye kufukuzwa alipozaliwa.

Hapa ndipo neno "mlowezi" linapostahili kuzingatiwa. Kulowea ni kuhamia ugenini na kufanya makao huko. Kiswahili, kwa neno lake chenyewe, kilimtambua Mzungu kuwa mgeni. Mwafrika akabandikwa jina la kigeni lililomgeuza mgeni. Elijah Masinde na wafuasi wa Dini ya Msambwa, ambao baadhi ya wafuasi hao walipigwa risasi Malakisi mnamo Februari 1948, walidai walowezi waondoke. Yaani waliukataa mpangilio huo wa majina. Mhakiki anayelifasiri "skwota" kwa kamusi ya Kiingereza pekee huwa amekwisha kuamua kesi ya ardhi kabla ya kuisikiliza.